Akiwasha Kompyuta Akute Salamu Zako

Wiki hii tunaziweka pembeni habari za nani kaachana na nani, tunaingia kwenye mchongo mmoja ambao vijana wengi wa vyuoni na maofisini wanaupenda kweli kweli, ila wanaojua undani wake ni wachache.

Mchongo wenyewe ni huu. Umewasha kompyuta yako asubuhi, umeandika neno la siri, na kabla hujagusa kitu chochote kinachomoza kijidirisha katikati ya kioo: "Umeamkaje mpenzi? Usisahau kunywa chai." Chini yake kuna kitufe cha OK. Unabonyeza, kinapotea, unaendelea na kazi zako huku unatabasamu peke yako mpaka jirani wa meza ya pili anaanza kukutilia mashaka.

Wengi wakikiona kwa mara ya kwanza wanadhani aliyekiweka ni mtaalamu wa kutupwa. Wapi bwana! Ni mstari mmoja tu. Na kwa vile ni mstari mmoja, watu wanagawiana kama karanga za mtaani: leo kwenye flashi, kesho kwenye kundi la WhatsApp, keshokutwa kwenye kompyuta ya chuo. Hapo kwenye kugawiana ndipo penye kasheshe, na ndipo nitakapokaa sana leo. Lakini tuanze kwa kuupika mchongo wenyewe, maana kuna watu hapa hawatanisikiliza mpaka wauone unafanya kazi.

Chukua kompyuta inayotumia Windows. Fungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia. Andika hivi, pamoja na alama zake:

MsgBox "Umeamkaje mpenzi? Usisahau kunywa chai."

Basi. Hiyo ndiyo skripti nzima. Usiogope hilo neno. Skripti ni karatasi ya maagizo, kama ile unayomwachia mdogo wako mezani ukitoka: bandika maharage, anua nguo mvua ikija, ukitoka funga mlango. Kompyuta nayo inasoma mstari wa kwanza inatekeleza, inasoma wa pili inatekeleza, mpaka karatasi iishe. Haiulizi kwa nini. Lugha hii inaitwa VBScript, Microsoft waliileta mwaka 1996, na hilo MsgBox ni agizo la kuonyesha kisanduku chenye ujumbe.

Sasa kwenye kuhifadhi ndipo wengi wanapochemsha. Notepad ina kasumba ya kubandika .txt nyuma ya jina la faili. Umeandika salamu.vbs, kumbe kwenye diski limekaa kwa jina la salamu.vbs.txt, na ukilibonyeza linafunguka kama barua ya kawaida, hakuna kisanduku wala nini. Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi, pale chini panapouliza aina ya faili chagua All files, halafu ndipo uandike salamu.vbs. Lishike hilo la .txt na .vbs, tutakutana nalo tena mbele na safari hiyo halitakuwa la kuchekesha.

Ukimaliza, shikilia kitufe chenye alama ya Windows halafu gonga R. Kitatokea kijisanduku. Andika shell:startup kisha Enter. Folda itakayofunguka ndiyo baraza ya nyumba yako: chochote utakachokikalisha pale, Windows itakianzisha kila utakapoingia na neno lako la siri. Bandika faili lako humo, zima kompyuta, iwashe tena, subiri sekunde chache. Salamu hiyo!

Wale watakaoniambia "mbona yangu imegoma", nawajibu kabisa. Umenakili mstari kutoka WhatsApp au kutoka kwenye Word. Kule alama za kufungua na kufunga maneno huwa zimepindwa kwa urembo, na VBScript haitaki urembo, inataka zile mbili zilizonyooka wima. Zifute uziandike upya kwa kibodi ndani ya Notepad. Jambo jingine, usiweke vile vikatuni vya kucheka na mioyo, vitatoka mikwaruzo isiyosomeka. Na kama salamu yako ina ng'ombe au ng'ambo, usiwe na hofu na kile kijialama cha juu alimradi kiko ndani ya zile alama mbili. Kikikaa nje, kompyuta inaruka kila kilichofuata kwenye mstari huo.

Ukishazoea unaweza kuanza madoido. Andika hivi:

MsgBox "Ada mwisho Ijumaa", 48, "Kumbusho"

Hiyo 48 inaleta pembetatu ya njano ya onyo. Ukiweka 64 unapata ile alama ya taarifa, ukiweka 16 unapata msalaba mwekundu ambao unamfanya mtu adhani kompyuta inakata roho. Neno la mwisho linakaa juu ya kisanduku kama kichwa cha habari.

Kinachonifurahisha mimi kuliko vyote ni saa. Skripti nyingi zinazozunguka zimeandikwa na watu wa nchi za mbali, kwa hiyo zikikuambia saa zinakuambia saa zao. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nne ya asubuhi, yenyewe inasema 10. Sasa hebu ifundishe Kiswahili:

saa = (Hour(Now) + 6) Mod 12
If saa = 0 Then saa = 12
MsgBox "Sasa ni saa " & saa & ". Kazi njema!"

Hesabu yake nyepesi. Chukua saa ya kompyuta, ongeza 6, gawanya kwa 12, baki na kinachobaki. Yaani 10 jumlisha 6 ni 16, ukitoa 12 inabaki 4. Saa nne! Ikibaki sifuri ujue ni saa kumi na mbili, ndiyo maana ya ule mstari wa pili. Nimewaonyesha hiki kijiskripti watu waliosoma kompyuta miaka mitatu na wakacheka kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mashine inaweza kuambiwa saa za kwetu.

Ukitaka hata kuongea inaongea:

CreateObject("SAPI.SpVoice").Speak "Karibu nyumbani"

Ila nakutahadharisha, sauti yake ni ya Kiingereza. Inasoma Kiswahili kama mtalii wa siku ya kwanza pale Forodhani. Kwa kuchekesha inafaa. Kwa kutongozea haifai.

Na msije mkadhani huu ni ujanja wa leo. Ujumbe wa kumpokea mtu kwenye kompyuta ulikuwapo tangu miaka ya 1960, enzi ambazo kompyuta moja kubwa kama chumba ilitumiwa na watu wengi kwa zamu. Pale chuo cha MIT nchini Marekani, kila mtu alipoingia alipokewa na tangazo la siku: leo mashine itazimwa jioni, na kadhalika. Siku moja wasimamizi wawili walikuwa wanahariri kwa wakati mmoja, mmoja tangazo la siku, mwingine orodha ya maneno ya siri ya watumiaji. Mafaili yakabadilishana! Kila aliyeingia alipokewa na orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake. Aliyekuja kulisimulia hilo hadharani ni Fernando Corbató mwenyewe, aliyeongoza kazi ya kuutengeneza mfumo ule. Fikiria orodha ya siri za mtaa mzima inabandikwa kwenye mlango wa msikiti au kanisa, halafu ni bahati mbaya.

Haya, sasa tuje kwa jamaa mmoja wa Mabibo, jina lake nalibania.

Jamaa alikuwa na mchumba anayefanya kazi ofisi moja mitaa ya Posta. Wikiendi akaazima laptopu ya yule dada, eti anaangalia mpira. Mpira ulipofika mapumziko, akakumbuka kale kafaili alikopewa na mshikaji wake kwenye flashi. Akabadilisha maneno, akaliweka pale barazani, akafunga laptopu, akairudisha akiwa na tabasamu lake la chinichini. Kwa kweli nia yake ilikuwa nzuri. Alitaka Jumatatu asubuhi mchumba afungue akute maneno matamu, apige simu aseme, "Jamani wewe!"

Jumatatu asubuhi laptopu ikafunguliwa kweli, lakini ikiwa imeunganishwa na projekta kwenye chumba cha mkutano, wateja wamekaa, mama bosi amekaa. Ukutani, kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara, ikatokea: "Jana ulinifurahisha sana. Nije tena lini?"

Kimya. Halafu mama bosi, mtu mzima mwenye busara zake, akasema taratibu, "Mwanangu, naona kuna mtu anasubiri jibu. Bonyeza OK tuendelee na kikao."

Watu walicheka, kikao kikaendelea, na mpaka hapo ingekuwa hadithi ya kusimuliana kwenye harusi yao. Lakini jioni yule dada hakupiga simu kwa ajili ya kucheka. Wala hakulalamika habari za projekta. Alimuuliza jamaa swali moja tu.

"Umeweka nini kingine?"

"Sijaweka kingine mpenzi. Ni hicho tu, haki ya Mungu."

"Nitajuaje?"

Jamaa akakosa jibu. Na mimi nimelizungusha hilo swali kichwani nikaona kweli jibu halina, kwa mtu ambaye amekaa mbele ya kompyuta yako nusu saa peke yake. Aliyeweza kuweka salamu ambayo hukuijua ameweza pia kusoma barua pepe, kutazama picha, kuweka kitu kinachonakili kila unachoandika. Labda hakufanya. Ila yule dada tangu siku hiyo alikuwa anafunika kioo kwa mkono kila akiandika neno la siri, hata jamaa akiwa amekaa upande wa pili wa meza anakula chipsi. Waliopendana wanajua hicho kitendo kinauma kiasi gani kuliko hata kofi.

Tena jamaa ashukuru. Laptopu ile ilikuwa na kazi za ofisi ndani yake, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ambayo inahesabu kuingia kwenye kompyuta bila idhini kuwa ni kosa. Yeye alipewa aangalie mpira. Hakupewa apange fanicha.

Hayo ni ya kuweka. Sasa tuje kwenye kugawa, na hapa lazima turudi nyuma hadi Mei 4, 2000.

Siku hiyo watu wa maofisini, kwanza Asia, halafu Ulaya, halafu Marekani, walifungua barua pepe wakakuta barua yenye kichwa cha habari ILOVEYOU. Niambie ukweli, nani angeacha kuifungua? Imetoka kwa mtu unayemjua: mhasibu, bosi, au yule dada wa mapokezi ambaye umekuwa ukimtupia jicho la pembeni miezi sita. Ndani yake kuna faili linaloitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Ila Windows ina mazoea ya kuficha zile herufi za mwisho za jina la faili, ilikuwa nayo wakati ule na inayo mpaka sasa mpaka uiambie iache. Kwa hiyo wengi waliona jina limeishia .TXT. Barua, wakasema. Wakabonyeza.

Haikuwa barua. Ilikuwa .vbs, lugha ile ile tuliyoandikia habari za chai hapo juu. Ikajinakili juu ya picha za watu na mafaili yao mengine, ikajituma yenyewe kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kitabu cha anwani cha Outlook, halafu ikajiandikisha ili iamke kila kompyuta inapowashwa. Sawasawa kabisa na salamu yako. Bunge la Uingereza lilibidi lizime barua pepe zake. Mamilioni ya kompyuta duniani yaliingiliwa ndani ya siku chache.

Ilianzia Manila, Ufilipino, kwa kijana wa chuo cha kompyuta aitwaye Onel de Guzman. Hakufungwa, kwa sababu wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki nayo. Mwaka 2020 mwandishi wa Uingereza Geoff White alifichua kwamba alimkuta Manila kwenye kibanda cha kutengeneza simu, na hapo akakiri kwamba kazi ile ilikuwa yake. Na alikuwa anatafuta nini? Maneno ya siri ya watu ya kuingilia intaneti, kwa sababu yeye hakuwa na hela ya kulipia. Yaani dunia nzima ilitikiswa na kijana asiye na bando! Sifurahii alichofanya, ila nikifikiria vijana wangapi hapa mjini wanakaa nje ya hoteli wakinusa Wi-Fi, naona yule si mtu wa sayari nyingine.

Tunachotakiwa kukitazama pale ni kwamba watu hawakutekwa kwa ujinga, walitekwa kwa upendo. Mtu makini, asiyefungua kitu hovyo, alifungua kwa sababu kimetoka kwa mtu wake na kimeandikwa nakupenda. Sasa wewe unapomtumia mchumba wako faili la .vbs na kumwambia "libonyeze tu utaona, ni sapraizi", unamfundisha nini? Unamfundisha kwamba faili la namna hiyo, likitoka kwa mtu wake, halina haja ya kuangaliwa. Wiki mbili baadaye simu yako ikiibiwa, au akaunti yako ikidukuliwa, mwizi akamtumia faili jingine kwa jina lako na maneno yale yale, atabonyeza. Si ulimzoesha?

Ndiyo maana hata Gmail inakataa kabisa kupokea faili la .vbs, hata ukilifungasha kwenye zipu. Haijali kama ndani kuna habari za chai tu.

Wanafunzi mnalijua hili kwa sura nyingine. Umekwenda steshenari jirani na chuo kuprinti kazi ya mwalimu, umechomeka flashi kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imechomekwa flashi za nusu ya chuo. Umerudi bwenini, umefungua flashi, folda zako zote zimekuwa vifupisho vyenye kijimshale pembeni, ukibonyeza kinaonekana kitu cha ajabu au hakionekani chochote. Zamani virusi wa flashi walikuwa wanajifungua wenyewe ukishachomeka tu, mpaka mwaka 2011 Microsoft walipotoa marekebisho ya kuifunga njia hiyo hata kwenye Windows za zamani. Kijimshale kinangoja wewe mwenyewe ubonyeze. Na mara nyingi kilichojificha nyuma ya kile kijimshale ni faili la .vbs, mjomba wake ile salamu yako.

Nimeshaona dada analia pale nje ya steshenari, kazi ya muhula mzima "imefutika". Haikuwa imefutika. Ilikuwa imefichwa. Kwa hiyo usifomati flashi, tafadhali! Ichomeke kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi iliyo hai, iisafishe kwanza. Halafu fungua lile dirisha jeusi la cmd uandike:

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Hapo penye E weka herufi ya flashi yako. Mafolda yatarudi kuonekana kama yaliyotoka mapumzikoni. Ukiyaona, futa vile vijimshale bila kuvibonyeza.

Sasa mtu ataniuliza, kwa hiyo tusigawiane kabisa? Gawianeni, ila gawianeni maneno, msigawiane faili. Mtumie mwenzako ule mstari kama ujumbe wa kawaida wa simu, ausome kwa macho yake, auelewe, auandike mwenyewe kwenye Notepad yake. Ni dakika tatu. Akiuandika yeye ameshajua kinachofanyika, na hatabaki kuuliza umeweka nini kingine, kwa sababu hukuweka wewe. Kama ni lazima uweke wewe, basi yeye awe amekaa hapo hapo anatazama, umwonyeshe folda, umwonyeshe na namna ya kukitoa: Windows na R, shell:startup, futa faili, kwisha. Utaniambia sapraizi inapotea. Sawa, inapotea ya kwanza. Ila mwambie, "Nitakuwa nakutumia maneno mapya kila Jumapili usiku, uyabandike bila kuyasoma sana," uone kama Jumatatu hatakuwa anaiwahi kompyuta.

Na ukipewa faili na mtu, hata awe pacha wako, usilibonyeze mara mbili. Fungua Notepad kwanza, halafu ndani yake nenda kwenye kufungua faili, chagua All files, litafute. Hapo linasomeka kama karatasi na haliwezi kufanya lolote. Ukiona MsgBox na maneno unayoyaelewa, hakuna neno. Ukiona Delete, CopyFile, RegWrite, anwani ya intaneti usiyoijua, au lundo la herufi zisizo na maana mfululizo kama zimemwagika, litupe na umuulize aliyekupa kalitoa wapi. Pia iambie Windows iache kuficha majina: kwenye File Explorer ya Windows 11 nenda View, halafu Show, halafu weka alama kwenye File name extensions. Barua ya .TXT.vbs isingempata mtu ambaye kompyuta yake inaonyesha majina kamili.

Jamaa wa Mabibo mwishowe alifanya hivyo hivyo. Alimpeleka yule dada kwa fundi anayemwamini yeye dada, si yeye jamaa, laptopu ikakaguliwa yote mbele yao wote wawili, hela akatoa jamaa. Kikatoka kile kisanduku kimoja tu. Jioni dada akaomba afundishwe ule mstari. Sijui aliandika nini, ila jamaa ananiambia kwamba sasa hivi kompyuta inayotoa salamu asubuhi ni ya kwake yeye, na maneno hayana utani: "Umelipa kodi ya nyumba?" Na msalaba mwekundu juu yake, namba 16.

Moja la kumalizia kwa wale wanaopenda kujua mbele kuna nini. VBScript yenyewe imeshawekewa tarehe ya kustaafu. Oktoba 2023 Microsoft walitangaza kwamba wanaiaga, na kwenye toleo la Windows 11 la mwaka 2024 bado ilikuwamo ila imehesabiwa kuwa kitu cha hiari, na mpango ni kuja kuizima halafu kuiondoa. Sababu mmeziona hapo juu, wanaoitumia kwa wizi wamekuwa wengi. Salamu zako hazitakufa nayo lakini. Andika hivi ndani ya Notepad:

@echo off
echo Umeamkaje? Chai iko kwenye chupa.
pause

Hifadhi kwa jina la salamu.bat, liweke kwenye folda ile ile. Litatokea dirisha jeusi lenye maandishi, linangoja ubonyeze kitufe chochote. Halina urembo, lakini linafanya kazi kwa mtindo ule ule wa enzi za DOS, kabla ya Windows 95, ambapo kompyuta ilipowaka ilisoma faili la AUTOEXEC.BAT na wajanja wa wakati huo waliandika humo vichekesho vyao. Na .bat nayo isomeni kwa Notepad kabla ya kuibonyeza.

Mliokuwa mnaulizia ile ya yule shangazi na wapangaji wake, inakuja wiki ijayo. Tuonane hapo Mungu akipenda.